Mche mpya hautoshi, kisiki cha zamani nacho kina hesabu yake

MKULIMA wa Kigoma anayekwenda kuchukua miche mipya ya michikichi hurudi nyumbani akiwa na furaha, lakini akifika shambani hukutana na swali ambalo halijibiwi na mche alioubeba. Michikichi aliyoachiwa na baba au babu yake bado imesimama. Ni mirefu, imezeeka, na mikungu yake imekuwa michache. Ataipanda wapi miche mipya? Na akiikata ile ya zamani, visiki vyake atavifanya nini?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo kwa watu wa ofisini, lakini ndilo litakaloamua kama mpango wa kufufua zao la michikichi utamfikia mkulima wa ekari moja au mbili, au utaishia kwenye mashamba makubwa yenye trekta na wafanyakazi wa kutosha.

Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, alisimamia kampeni ya kulifufua zao hilo mkoani Kigoma. Tanzania ilikuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayohitajika nchini, na fedha za kigeni zilizotumika zilikuwa nyingi mno kwa nchi yenye ardhi inayoota michikichi. Kutokana na msukumo huo, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ilipata kituo cha Kihinga, ambacho kazi yake kubwa ni kuzalisha mbegu bora aina ya Tenera. Mashamba ya JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga nayo yaliingizwa katika kazi hiyo.

Michikichi mingi ya asili iliyoenea kuanzia Mwandiga, Simbo na Ujiji hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ya aina ya Dura. Tunda lake lina kokwa lenye ganda nene na nyama nyembamba, na mafuta ya mawese hutoka kwenye nyama, siyo kwenye ganda. Tenera ni mtoto wa Dura na Pisifera. Ganda lake ni jembamba na nyama yake ni nene, hivyo mkungu wa uzito uleule hutoa mafuta mengi zaidi. Aidha, Tenera iliyotunzwa vizuri huanza kuzaa ikiwa na miaka mitatu hivi, wakati bado ni mifupi na mvunaji hana haja ya kupanda juu.

Kwa upande mwingine, mchikichi ukishapita miaka 25 huwa mrefu kiasi kwamba uvunaji wake ni kazi ya hatari. Si jambo geni Kigoma kusikia mtu ameanguka kutoka kwenye mchikichi. Kwa hiyo hoja ya kuiondoa ile iliyochoka haihitaji mjadala mrefu. Mjadala uko kwenye namna ya kuiondoa.

Wakulima wengi hukata kwa shoka au msumeno, huacha shina lilale lilipoangukia, halafu hupanda mche pembeni. Njia hiyo ni rahisi mfukoni, lakini ina gharama inayokuja baadaye. Shina na kisiki cha mchikichi huanza kuoza mapema, na ndani ya ule uozo laini ndimo mende wakubwa wenye pembe wanapotaga mayai. Funza wao hukulia humo. Wakishakuwa mende kamili hutoka na kutoboa kilele cha michikichi michanga, mahali ambapo majani mapya huchipukia. Kilele kikiharibiwa sana, mche hufa. Bahati mbaya ni kwamba miaka ambayo kisiki kinaoza ndiyo hiyohiyo ambayo mche ni mchanga na hauna uwezo wa kuvumilia.

Wapo wanaochoma moto. Kisiki kibichi cha mchikichi kimejaa maji, hivyo moto huunguza nje tu na kuacha ndani palepale. Zaidi ya hayo, moto wa kiangazi ukitoka shambani hauulizi mipaka. Wapo pia wanaong'oa kwa sururu, jembe na mtarimbo. Njia hii inafanya kazi, kwa sababu mchikichi hauna mzizi mkuu unaozama chini kama mwembe. Una maelfu ya mizizi membamba inayotoka kwenye kitako cha shina, na mizizi hiyo ikikatwa kuzunguka, kitako hutoka. Hata hivyo, kitako hicho ni kikubwa na kizito, na kijana mmoja hawezi kumaliza ekari peke yake.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya mashine ya kusaga visiki, ambayo hufungwa nyuma ya trekta. Si teknolojia ya ajabu. Ni gurudumu zito la chuma lililopangwa meno magumu ya kabaidi kwenye ukingo wake. Gurudumu huzungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ile ambayo mafundi huiita PTO, na mashine yenyewe hubebwa na mikono mitatu ya haidroliki inayobeba jembe. Dereva hurudi nyuma hadi kwenye kisiki, hushusha gurudumu taratibu, na meno hukimega kisiki kidogo kidogo mpaka chini ya usawa wa ardhi, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30. Kinachobaki ni chembechembe na shimo la kina kifupi. Udongo wa pembeni hausumbuliwi sana, tofauti na katapila ambalo huondoka na udongo wa juu wenye rutuba.

Faida ni dhahiri. Shamba lililosagwa visiki linaweza kulimwa kwa trekta au kwa jembe la ng'ombe, na mkulima anaweza kupanda maharage, mahindi au karanga katikati ya michikichi michanga na kupata chakula wakati akisubiri mavuno ya kwanza. Mende nao hunyang'anywa sehemu kubwa ya mazalia yao.

Hata hivyo, mashine hii isiuzwe kwa wakulima kama dawa ya kila ugonjwa. Yapo mambo ambayo muuzaji hatayasema, na mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, mchikichi si mti wa mbao. Shina lake ni la nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo zikiwa mbichi huweza kujisokota kwenye gurudumu na shafti badala ya kukatika. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya visiki vya mbao ngumu inaweza kufanya kazi vizuri kwenye mwembe na ikasumbua kwenye mchikichi. Hilo halijulikani kwa kusoma kijitabu cha mauzo, hujulikana kwa majaribio shambani.

Pili, chembechembe zinazobaki zikiachwa kama lundo, zenyewe hugeuka kuwa mazalia ya mende. Zinapaswa kutawanywa shambani kwa tabaka jembamba ili zikauke na kuoza haraka. Aidha, zisifukiwe ndani ya shimo la kupandia, kwa sababu zinapooza hunyonya naitrojeni ya udongo, na mche hugeuka njano huku mwenye shamba akidhani ameuziwa mche mbovu.

Tatu, kitako cha mchikichi mkubwa huzama kuliko kina cha kusaga. Kwa mti ambao ulikuwa mzima hilo si tatizo kubwa, kwani kisiki cha mchikichi uliokatwa hakichipui tena. Lakini kwa mti uliokufa kwa ugonjwa wa kuoza kitako cha shina, kusaga juu juu hakutoshi, kwa sababu kuvu wa ugonjwa hubaki kwenye mabaki ya chini. Kitako cha mti wa namna hiyo kinapaswa kuchimbuliwa chote, na mche mpya upandwe mbali na shimo hilo.

Nne ni usalama. Shafti ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Khanga, kanzu au mkono wa shati ukinaswa, mtu hana muda wa kupiga kelele. Gurudumu nalo hurusha mawe na vipande vya mti kwa nguvu kubwa. Kisiki kinapaswa kusafishwa mawe, waya na misumari kabla ya kusagwa, kifuniko cha shafti kisiondolewe kwa kisingizio chochote, na watoto ambao hupenda kukimbilia trekta wazuiwe kusogea. Dereva asishuke kurekebisha kitu kabla ya kuzima injini.

Baada ya tahadhari hizo, lipo swali la hesabu. Mashamba ya kisasa hupandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa mpangilio wa pembe tatu, ambayo ni michikichi 143 hivi kwa hekta, au takriban 57 kwa ekari. Tuseme shamba la zamani lina visiki vya idadi hiyohiyo, na kila kisiki kinachukua robo saa pamoja na muda wa trekta kusogea. Ekari moja itahitaji saa 14 na dakika 15, yaani siku mbili za kazi. Kiangazi cha Kigoma ambacho trekta inaweza kuingia shambani bila kuzama ni cha Juni hadi Septemba, siku 122 tu. Mashine ikifanya kazi kila siku bila kuharibika itamaliza ekari 61. Ukiondoa siku za matengenezo, za kusubiri meno mapya na za kuhama kijiji hadi kijiji, ekari 40 kwa msimu ni matumaini yanayostahili.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mawili. La kwanza, mkulima wa ekari mbili hana sababu ya kununua mashine hiyo. Ataitumia siku nne, kisha itakaa chini ya mwembe ikipata kutu kwa miaka 25. La pili, mtu au kikundi kitakachoimiliki hakina budi kuwa na orodha ya wateja wa ekari 40 kila mwaka kabla hakijakopa, na wateja hao wawe karibu karibu, kwa sababu trekta inayotembea kilomita 20 kusaga visiki 10 hula mafuta ya dizeli kuliko faida.

Ndiyo maana njia iliyo sahihi ni ya ushirika. Chama cha msingi chenye wakulima wa vijiji jirani kinaweza kupanga zamu, kikaanza na kijiji kimoja mpaka kiishe, kisha kikahamia kingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chama kitoze kwa kisiki na siyo kwa siku, ili mkulima ajue atalipa nini hata kama dereva atachelewa. Na katika bei hiyo kiweke pembeni fedha ya meno, kwa sababu meno huisha, na mashine isiyo na meno ni chuma chakavu. Trekta yenyewe inapaswa kuwa na nguvu inayolingana na mashine. Zile pawatila zilizosambazwa wakati wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyozinduliwa mwaka 2009, haziwezi kazi hii.

Historia ya nchi hii inatoa onyo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Waliamini kwamba mashine zingeshinda pori. Walileta matrekta yaliyobaki kutoka vitani, hata vifaru vilivyobadilishwa kuwa matrekta, lakini visiki, mizizi ya miti ya Kongwa na udongo mgumu viliharibu mitambo kuliko mitambo ilivyoharibu pori. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya paundi. Kosa halikuwa kutumia mashine. Kosa lilikuwa kununua mamia ya mashine kabla ya kujaribu moja katika udongo husika.

Kigoma haina sababu ya kurudia kosa hilo. Lifaalo ni mashine moja kuletwa kwa majaribio katika shamba la taasisi ambayo tayari ina michikichi na matrekta, mbele ya wakulima, na kupimwa kwa saa, lita za dizeli na idadi ya meno yaliyoisha. Pembeni yake vijana kumi wenye sururu nao wapimwe. Inawezekana kabisa kwamba kwa shamba la nusu ekari sururu zitashinda kwa bei, na fedha itabaki kijijini. Mkulima akiona matokeo hayo kwa macho yake hatahitaji kushawishiwa na mtu.

Malaysia, ambayo mbegu zake za kwanza zilitoka Afrika, ina somo lingine. Wakulima wake wakubwa wanapopanda upya huangusha michikichi ya zamani, hukata mashina vipande vyembamba, huvitawanya na kupanda mikunde inayotambaa juu yake ili kufunika uozo na kuwazuia mende. Hawachomi moto. Mkulima mdogo wa Kigoma anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa panga, msumeno na mbegu za mikunde. Kwa anayeamua kupanda katikati ya mistari bila kung'oa visiki, hiyo ndiyo namna ya kupunguza madhara.

Lipo pia suala la kipato. Mkulima anayekata michikichi yake yote mwaka mmoja atakaa miaka mitatu bila dumu hata moja la mawese la kupeleka sokoni Mwanga au Ujiji. Huyo atarudi kwenye kukopa, na mnunuzi mjanja atamnunua kabla mti haujazaa. Ni busara zaidi kugawa shamba mafungu matatu na kubadilisha fungu moja kila mwaka. Wafanyabiashara wadogo wa mawese, wenye viwanda vya kukamua na watengeneza sabuni nao wana maslahi katika utaratibu huo, kwani malighafi ikikatika ghafla hata wao watafunga.

Kwa kuwa kisiki huondolewa mara moja kwa kizazi, mbegu inayofuata isiwe ya kubahatisha. Watafiti wa Yangambi, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, walionyesha mwaka 1941 kwamba Tenera ikizaa na Tenera, robo ya watoto hurudi kuwa Dura na robo nyingine huwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Anayeokota mbegu chini ya Tenera ya jirani atagundua kosa lake miaka kadhaa baadaye, na gharama ya kung'oa atailipa upya. Mche uchukuliwe kwenye kitalu kinachotambuliwa.

Mwisho, na jambo hili ni zito, si kila kisiki ni adui. Milima inayotazama ziwa ilivuliwa miti kwa miaka mingi kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa, na mvua ilishusha udongo hadi majini ambako dagaa na migebuka huzaliana. Mradi wa TACARE ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe uliona jambo ambalo wazee walilijua: visiki vya miyombo vilivyoonekana vimekufa vilikuwa na mizizi hai. Vilipoachwa bila kuchomwa wala kukatwa, vilichipua, na misitu ya vijiji ikarudi bila kupandwa mche. Huko Dodoma wakulima wanatumia utaratibu huohuo na wameuita Kisiki Hai.

Kwa hiyo mashine ya kusaga visiki ina mahali pake, na mahali hapo ni shamba la tambarare lenye michikichi iliyochoka. Haina kazi kwenye mteremko, ambako pia trekta huweza kupinduka. Haina kazi kando ya mito na ziwa, kwani Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Wala haina kazi kwenye kisiki cha mninga kinachochipua. Halmashauri zitakazoruhusu mashine hiyo zinapaswa kuandika mipaka hiyo katika mkataba na chama kitakachoiendesha, siyo kuacha dereva anayelipwa kwa kisiki aamue mwenyewe.

Wataalamu wa ugani wanapohesabu miche iliyogawiwa, wahesabu pia michikichi ya zamani iliyoondolewa na namna ilivyoondolewa. Takwimu za miche peke yake hupendeza kwenye taarifa, lakini mende hawasomi taarifa. Mche uliopandwa kando ya kisiki kinachooza bila uangalizi ni mche uliokopeshwa kwa wadudu.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mkoa huu umesafirisha mawese yake kwenda kuuza kwa wengine. Nafasi ya kuongeza shehena hiyo ipo. Itategemea uamuzi wa kiangazi kijacho, kati ya Juni na Septemba, wakati ardhi ni kavu na miche ingali kitaluni: vyama vikae sasa, vihesabu visiki vyao, vipime njia zote na kuchagua ile ambayo mkulima wa ekari moja anaweza kuilipia. Mvua za Novemba hazitamsubiri aliyeanza kutafuta sururu Oktoba.